Daktari wa Panya

Pale sokoni Kangemi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Daktari wa Panya, na jina hilo lilimletea wateja asiowatafuta. Siku moja alikuwa amesimama mbele ya kibanda changu cha mandazi, kikombe cha chai mkononi, mama mmoja muuza sukuma wiki akamjia mbio.

"Daktari, nimeambiwa wewe ndio wa panya. Kwangu wamekula mpaka sabuni. Uko na dawa gani?"

"Mimi siwaui, mama," Daktari akamjibu kwa upole. "Mimi nawalisha."

Yule mama alimtazama, akanitazama mimi, kisha akarudi kwenye sukuma zake bila kuuliza swali la pili. Daktari alicheka hadi chai ikamwagika.

Lakini hakuwa anatania. Alikuwa mtafiti katika chuo kimoja upande wa mjini, na kule maabara alikuwa na panya weupe kwenye vizimba. Aliwalisha, akawapima, akaangalia wanaacha kula wakati gani na kwa nini. Miaka yote niliyomjua alikuwa akifukuza swali moja tu: ubongo unajuaje kwamba mwili umepata cha kutosha? Watu waliposikia hivyo walimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, halafu wakaangalia pembeni, kwa sababu Daktari mwenyewe alikuwa mnene. Sisi kwa adabu husema mtu "ana mwili". Yeye adabu hiyo aliikataa.

"Kila mtu ana mwili," alisema. "Hata panya. Mimi ni mnene. Neno liko, litumieni, halitawang'ata."

Alivaa vitenge vya maua makubwa, manjano na machungwa, nguo ambazo watu walimwambia si za mtu wa umbo lake. Alinieleza kwamba fundi mmoja aliwahi kumshauri avae rangi nyeusi ili apungue machoni pa watu. Akamwuliza, "Nipungue niende wapi?" Basi kila Jumamosi ungemwona kwa mbali akija, akichanua katikati ya barabara.

Alikuwa anakaa mtaa wa Jamhuri, na Jumamosi asubuhi alitembea kwa miguu kutoka huko, akapita Lavington, hadi kwetu Kangemi. Ni mwendo mrefu hata kwa mtu mwepesi. Yeye aliutembea polepole, akipumzika mahali alipotaka kupumzika. Kule Lavington, penye kuta ndefu na mageti ya chuma, wenye nyumba hawakumjua, lakini masoja wa mageti walimjua wote. Mmoja alikuwa akimtolea kiti chake cha plastiki mapema, kabla hajafika, na Daktari angekaa hapo kidogo, apewe habari za mtaa mzima, kisha aendelee. Alijua geti gani lina mbwa mkali na soja gani mtoto wake amefaulu mtihani.

Kijana mmoja aliyekuwa kwenye gari aliwahi kumpigia kelele dirishani: "Mathe, songa songa tu, kitambi itaisha!"

"Ikiisha nitakupigia simu!" Daktari akamrudishia, na masoja wa mageti mawili wakapiga makofi.

Mimi nilidhani anatembea ili apungue. Nilipomwambia hivyo, alitikisa kichwa. Alisema yeye hutembea ili kuusaidia ubongo wake kusikia. Inaonekana mtu akiuzoesha mwili kutembea, ubongo nao huanza kusikiliza vizuri zaidi zile habari za shibe. "Inaonekana," alirudia, akiinua kidole. "Kwa watu wengine zaidi, kwa wengine kidogo. Kwa nini? Hilo hatulijui bado."

Hayo maneno, "hilo hatulijui bado," aliyasema kwa furaha, jinsi mtu mwingine anavyotaja shamba alilonunua. Sijawahi kukutana na msomi aliyependa kutojua namna ile.

Akifika kwangu aliagiza mandazi. La kwanza alilila amesimama, macho ameyafumba. La pili alilila kwenye benchi, huku akiongea. Siku za mwanzo nilikuwa naona aibu kumwuzia. Nikamwuliza, "Daktari, si unajua hii ni mafuta na sukari?"

"Najua. Najua hata inapita wapi na inaishia wapi."

"Na bado unakula?"

"Mama Mandazi," akasema, "kujua na kuacha ni majirani wasiosalimiana."

Usidhani alikuwa mtu wa kujiachia. Wanafunzi wake walimwogopa. Mmoja aliyewahi kuja naye sokoni alininong'oneza kwamba ukichelewa maabara hata kidogo, unakuta mlango umefungwa na yeye yuko ndani anaimba. Aliamka alfajiri, alilipa kila kitu kwa wakati, alipiga pasi hata leso. Ila panya wake mmoja mzee alipokufa, alikuja kwangu macho mekundu, akakataa hata chai. Na ingawa panya hao aliwapima kila siku bila kukosa, nyumbani kwake hapakuwa na mizani. "Wao hawajali," alisema. "Mimi ningejali, halafu siku yangu yote ingeharibika kabla sijavaa viatu."

Nimemtaja mdogo wangu? Bado. Mdogo wangu Rispa alikuwa mfanyakazi wa nyumba huko Lavington, na Jumamosi alikuwa akipata ruhusa ya kuja kunitembelea. Mimi na Rispa ni wa mama mmoja, tumelelewa kwa sufuria moja huko Kakamega. Mimi nakaanga mandazi tangu asubuhi hadi jioni, nayaonja, nayala, na nimebaki mwembamba kama mwiko. Rispa alikuwa mnene tangu utotoni. Watu walinisifu mimi kana kwamba kuna kazi nimefanya, na yeye wakamsema kana kwamba kuna kitu ameiba.

Daktari alitupenda sana sisi wawili tukiwa pamoja. Alitukalisha kwenye benchi moja, akatutazama kama mtu anayetazama picha nzuri.

"Sufuria moja," angesema. "Sufuria moja, tazama!"

Siku moja Rispa alimwuliza moja kwa moja. "Daktari, mimi niko na shida gani? Nikimaliza kula, kabla hata sijaosha sahani, nafikiria chakula tena. Wanasema mi ni mlafi."

Daktari akaweka kikombe chini. Akamweleza kwamba mtu akila, kongosho hutoa insulini. Wengi wanajua kazi yake moja, ile ya kuuambia mwili uchukue sukari iliyo kwenye damu, utumie inayohitajika na nyingine uiweke akiba. Lakini kiasi kidogo cha insulini hupanda hadi kwenye ubongo, na huko hubisha hodi. Husema: huku chini tuna akiba, punguza njaa, liambie ini lisitoe sukari zaidi. Ubongo ukisikia, mtu anaweka kijiko chini bila hata kufikiri.

"Na usiposikia?" Rispa akauliza.

"Usiposikia, unadhani nyumbani kuna njaa. Unakulilia utafute chakula, na mwili huo huo umejaa akiba."

"Ni kama soja amelala getini?" nikauliza mimi.

"Hapana, huyu hajalala. Yuko macho, anafanya kazi. Ila hodi zimekuwa nyingi mno, siku nenda siku rudi, mpaka hazisikii tena. Na wengine wanazaliwa masikio yao ya insulini ni mazito kuliko ya jirani. Kuna panya tunaowajua, ubongo wao hauna masikio hayo kabisa. Wananenepa. Na sijasikia mtu akiwahubiria panya hao habari ya ulafi."

Rispa alicheka sana, kisha nikaona anafuta macho. Nilifikiri ni kicheko.

Kumbe kule kazini mambo yalikuwa mabaya. Mwajiri wake, mama mmoja mrembo na mwembamba, alikuwa amesema mbele ya wageni kwamba tangu Rispa aje, chakula kinaisha haraka katika nyumba ile. Wageni walicheka. Rispa alikuwa ameshika sinia la glasi, akaendelea kulishika. Hakuniambia mimi wala mtu yeyote. Lakini maneno ya Daktari aliyabeba yote: insulini inauambia ubongo umeshiba. Alikuwa na rafiki ambaye mama yake marehemu alikuwa na kisukari, na kwenye friji ya nyumba yao ilibaki insulini yake ya sindano. Rispa akaiomba.

Jumamosi iliyofuata alikuja kwangu mapema. Nilimwona anavuka barabara vibaya, kama mtu aliyelewa. Alikuwa ametoka jasho hadi nguo imeshika mgongo, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Mikono ilitetemeka. Nikamwita, akanijibu maneno yasiyoeleweka, eti nimfungulie mlango, na tulikuwa nje.

Daktari alikuwa kwenye benchi. Aliinuka kwa kasi ambayo sikujua anayo.

"Rispa! Umekula asubuhi?"

"Sijasikia njaa," Rispa akasema, akatabasamu. "Imefanya kazi, Daktari."

"Nini imefanya kazi? Umejidunga? Umejidunga nini?"

Rispa akaonyesha tumbo. Daktari hakuuliza tena. "Sukari," akaniambia. "Sukari na maji, haraka." Nilimwagia kikombe sukari kutoka kwenye mkebe wa chai bila kupima, nikakoroga. Daktari alimkalisha Rispa, akahakikisha anaweza kumeza, akamnywesha funda kwa funda, huku anamwita jina. "Meza, Rispa. Nitazame mimi. Meza tena." Wateja wakasogea, akawafukuza kwa jicho moja.

Baada ya muda Rispa akaacha kutetemeka. Akatazama huku na huku, akauliza kwa nini watu wote wanamwangalia. Mimi nilitaka kushangilia, lakini Daktari alikuwa tayari ameita pikipiki. Alisema sukari inaweza kushuka tena, kwa hiyo lazima tufike kliniki sasa hivi. Nilimwachia jirani karai la mafuta likiwa bado motoni, tukaenda.

Kule kliniki walimwekea dripu, wakampima mara kwa mara mchana kutwa. Daktari hakuondoka. Tulikaa nje kwenye benchi la mbao. Nilinunua mahindi ya kuchoma, akayashika tu.

"Nilimwambia nusu," akasema mwishowe.

"Daktari, si wewe uliyemdunga."

"Si mimi. Lakini nilikuwa naifurahia sauti yangu mwenyewe, Mama Mandazi. Nilimweleza habari tamu, ile chungu sikuitaja. Panya wangu hawaendi kutafuta sindano. Watu wanaenda."

Jioni tuliruhusiwa kuingia. Rispa alikuwa ameketi kitandani, amechoka lakini ni yeye. Daktari akavuta kiti, na safari hii akamwambia yote. Insulini ya sindano haiendi kwenye ubongo peke yake, inaenea mwili mzima. Kwa mgonjwa anayeihitaji ni uhai. Kwa asiyeihitaji inaishusha sukari mpaka ubongo wenyewe unakosa chakula, na hapo mtu anaweza kufa. Ule ukimya wa njaa aliousikia haukuwa shibe, ulikuwa hatari.

"Na kitu kingine," Daktari akaongeza. "Mtu akijidunga hivyo, mara nyingi ananenepa."

Rispa akainua kichwa. "Ananenepa?"

"Ananenepa. Kazi yake mwilini ni kuweka akiba, nimekuambia."

"Ai! Na vile nimeumia!"

Daktari akaanza kutikisika mabega, kisha mimi, kisha Rispa mwenyewe, mpaka nesi akaja kutuuliza kama tuko sawa.

Ni hapo Rispa alipotueleza habari ya wageni na sinia. Daktari alisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, au hakuonyesha. Aliuliza tu, "Geti ni la rangi gani?"

Wiki iliyofuata tulikwenda, sisi watatu. Mimi nilikuwa na hofu, kwa sababu nilijua mwisho wa mambo ya namna hiyo huwa ni mtu kupoteza kazi. Soja alipomwona Daktari alifungua geti kabla hatujabisha. Mwajiri wa Rispa alishangaa kuona kitenge kile kikubwa cha manjano kikiingia sebuleni kwake, lakini alitukaribisha, akatuletea chai mwenyewe; Rispa alibaki amesimama mlangoni. Daktari alijitambulisha, akasema alikuwepo Rispa alipozidiwa, na akaeleza kilichotokea bila kumtupia mtu lawama. Yule mama alishika mdomo. Hakuwa ameambiwa lolote isipokuwa kwamba Rispa ni mgonjwa.

Kisha Daktari akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Wewe asubuhi unakula nini?"

Yule mama akataja. Mayai, mkate na siagi, wakati mwingine keki. Mchana? Akataja. Jioni? Akataja tena. Hakikuwa chakula kidogo.

"Na unajizuiaje usile zaidi?"

Alifikiri kweli kweli. "Sijizuii," akasema. "Huwa nashiba tu."

Daktari akaegemea mbele, uso umemng'aa. "Huyo 'huwa nashiba tu' ndiye ninayemtafuta maabara miaka yote hii. Wewe umepewa bure. Rispa hakupewa. Na anakupikia kila siku, anasimama juu ya hiyo harufu kila siku, na kelele ya njaa kichwani. Mimi naijua hiyo kelele. Ningekuwa wewe, ningemwonea fahari."

Yule mama aliweka kikombe chake chini. Halafu akaita, "Rispa, njoo ukae." Rispa akakaa kwenye kiti cha sebuleni, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu aajiriwe. "Yale maneno niliyosema mbele ya wale wageni," yule mama akasema, "nisamehe." Alisema vibaya, kwa haraka, kama mtu asiyezoea, lakini alisema. Rispa aliendelea kufanya kazi katika nyumba ile miaka mingine kadhaa, na hakusemwa tena.

Hakupungua sana. Niseme hivyo, maana watu wakisikia habari hii hungoja nifike mahali pa kupungua. Alianza kutembea na Daktari Jumamosi, wakapita mageti pamoja, vitenge viwili sasa. Alianza kula bila kujificha, na kwa sababu hakujificha, akala kwa utulivu zaidi. Sasa ameolewa Ruaka, ana mtoto, na anapiga kelele kwenye kwaya kuliko wote. Na Daktari tangu siku ile hakueleza habari ya insulini kwa mtu yeyote bila kuanza na ile chungu. Hata muuza viazi akimwuliza, kwanza alipewa onyo.

Alipostaafu, magoti yalikuwa yamechoka na Jumamosi zake zikapungua, kisha zikakoma. Tulipigiana simu. Mwaka huu nilikuwa nimekwenda mjini kununua karai, nikasikia mtu ananiita nyuma yangu Moi Avenue.

"Mama Mandazi! Wewe!"

Niligeuka, nikamtafuta. Nilikuwa natafuta mtu mkubwa. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa mzee wa umbo la kadiri, kitenge cha maua ya machungwa kimemlegea mabegani. Nilishtuka, kwa sababu kwetu mzee akipungua ghafla, tunauliza hospitali gani.

"Siumwi," akasema kabla sijauliza. "Twende tukae."

Tulipanda ngazi hadi hoteli moja ya ghorofani, akaagiza chapati na maharagwe. Akanieleza kwamba daktari wake alimwandikia moja ya zile sindano mpya, kwa ajili ya sukari na magoti. Si insulini, alisema, ni homoni nyingine, ila nayo inapeleka habari ya shibe kwenye ubongo. Na kwanza akanisomea onyo lote: inatapisha wengine, haimfai kila mtu, lazima daktari awe anakuangalia, ukiacha huenda mambo yakarudi.

"Watu wananipongeza," akasema, akikunja uso. "Njiani, kanisani. Kana kwamba juzi ndio nimepata akili. Nilikuwa na akili hii hii!"

Akaingia kwenye habari za wanafunzi wake wa zamani, mmoja aliyeipata maabara yake mwenyewe na anayefunga mlango watu wakichelewa. Akaniuliza habari za Rispa, nikamwonyesha picha ya mtoto, akaitazama kwenye kioo cha simu mpaka mwanga ukazima. Akaniambia swali jipya analolifikiria, jambo fulani la ini, na kwamba hilo hatulijui bado. Mikono yake ilikuwa ikiruka hewani. Nilimaliza chakula changu nikimsikiliza.

Mhudumu akaja. "Mathe, nitoe sahani?"

Daktari akatazama chini. Chapati moja ilikuwa nzima. Maharagwe yalikuwa yamepoa, yamefanya utando juu. Alitulia, uma mkononi, akiitazama sahani ile kama anasoma kitu.

"Nimesahau," akasema. "Chakula kiko mbele yangu, nami nimekisahau. Mimi!"

Nilidhani atacheka. Badala yake machozi yalimjaa machoni, akayaacha yajae.

"Kuko kimya humu kichwani, Mama Mandazi. Sikujua kunaweza kuwa kimya hivi. Nimesoma habari zake maisha yangu yote, na sikujua." Akanigeukia. "Ninyi mlikuwa mnaishi hivi siku zote? Na hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje, Daktari?" nikamjibu. "Hatukujua kuna kelele."

Hapo ndipo alipocheka, kile kicheko chake cha zamani, watu wa meza za jirani wakageuka kutazama. Akamwambia mhudumu amfungie chapati, akanishika mkono, tukateremka zile ngazi polepole hadi barabarani.